Mpangaji wa ukutani Kariakoo

Anayeshuka daladala Msimbazi na kuingia mitaa ya ndani hushikwa macho na madera, masufuria, vifaa vya simu na mikokoteni isiyojua breki. Nani aangalie juu? Lakini uchochoroni, pale bomba la maji machafu linapovujia ukutani, huota kangaga. Limekaa kwenye ufa wa saruji ghorofa ya pili, kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mtoto akiuliza nani alilipanda, mzazi asimjibu "limejiotea tu". Kangaga halina ua wala mbegu. Kwenye aina inayozoea kuta za miji ya joto, Pteris vittata, ukigeuza jani utaona michirizi ya kahawia pembezoni. Hizo ni spora, vumbi jepesi kuliko unga wa ngano, na upepo huzipandisha popote. Spora ikitua penye unyevu haitoi kangaga papo hapo. Kwanza hutoa kijani kidogo chembamba chenye umbo la moyo, kisichozidi ukucha. Chini yake chembe za kiume huogelea kwenye maji hadi kwenye yai, ndipo kangaga lenyewe linapozaliwa. Kwa hiyo likistawi ukutani kwako wakati wa kiangazi, mwite fundi bomba kabla ya fundi rangi.

Wataalamu huyaweka makangaga katikati. Yana mishipa ya kupandisha maji kama mwembe, kitu ambacho utelezi wa kijani wa bafuni hauna, ila hayazai mbegu. Duniani zipo aina zaidi ya 10,000. Kwenye misitu ya Usambara mengine husimama kama miti.

Jambo moja kwa wenye watoto wadogo. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, walitangaza kwamba Pteris vittata hufyonza arseniki, ambayo ni sumu, kutoka kwenye udongo na kuilimbikiza majanini. Kuligusa si tatizo. Tatizo ni mchezo wa baba na mama, ambapo jani lolote hugeuka mchicha na mpishi lazima aonje.

Majengo mapya ya vioo hayana ufa wa kulipokea. Kwa kumwonyesha mtoto, Jumapili asubuhi msongamano ukipungua ndiyo nafuu, upande wa Sikukuu na Narung'ombe, kwenye kuta kuukuu zilizobaki. Aanze kutazama chini ya mabomba.