Jembe na Dele Katika Sebule Moja

Katika Mutaho, kaskazini ya mji wa Gitega nchini Burundi, mke wa sajini mmoja alikuwa amebakiwa na siku tatu tu kabla ya kuwapokea wageni. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kumposa binti yake mkubwa, na kila alipoitazama sebule yake mama huyo aliingiwa na haya.

Vyombo vya nyumba ya askari hukusanywa kimoja kimoja, uhamisho baada ya uhamisho, na mara chache hulingana. Dirisha lilikuwa na nondo za chuma zilizopakwa rangi nyeusi. Juu ya kabati palikuwa na birika la shaba la kahawa, lile ambalo watu wa pwani huliita dele. Mumewe alilinunua Bujumbura kwa sehemu ya posho yake, aliporejea kutoka kulinda amani nchini Somalia, ambako askari wa Burundi walihudumu kuanzia mwaka 2007 hadi 2024. Kando yake zilipangwa sufuria za alumini. Na ukutani, peke yake, lilitundikwa jembe kuukuu la chuma, lisilo na mpini, jeusi kama kaa.

Jirani alimshauri anunue kopo la rangi ya dhahabu, avipake vyote vifanane. Mama akalinunua. Alikwisha kulitungua jembe na kulilaza juu ya gazeti, brashi i mkononi, mama mkwe wake alipoingia.

"Mwanangu," bibi alisema kwa upole, "hilo lililetwa hapa siku alipoposwa shangazi yake mumeo."

Hakuongeza neno, wala hapakuwa na haja. Zamani katika nchi hiyo jembe lilikuwa sehemu ya mahari, na kulipokea kulikuwa ni kukubali udugu wa nyumba mbili. Shangazi huyo hakuonekana tena baada ya Oktoba 1993, vita vilipoanza na watu wa vilima vya Mutaho wakatawanyika. Nyumba iliteketea. Katika majivu yake lilipatikana jembe hilo. Weusi wake ni weusi wa moto ule. Mama alikifunika kopo cha rangi.

Hata hivyo, swali la sebule lilibaki: chuma cheusi, shaba ya manjano na alumini nyeupe vitakaaje pamoja bila kugombana? Jibu lake si geni kwa Waswahili. Milango ya kale ya Zanzibar ina vifundo vya shaba juu ya mbao, na papo hapo ina mnyororo wa chuma wa kufungia. Hakuna anayesema kwamba mlango huo haukupangika. Shaba ndiyo inayotawala, chuma kinafuata, na mbao zinavipatanisha.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kuchagua madini moja iwe kubwa. Katika sebule ya Mutaho kubwa ilikuwa chuma, kwa kuwa nondo za dirisha hazibadilishwi. Jembe likasogezwa karibu na dirisha, weusi ukaitikia weusi. Kanuni ya pili ni kwamba chombo kinachong'aa kisiachwe mkiwa. Dele lilipopata mwenzake, sahani ndogo ya shaba iliyokuwa imefichwa sandukuni, halikuonekana tena kama mgeni aliyepotea njia. Sufuria za alumini zikarudishwa jikoni, isipokuwa moja ya kuchemshia maji ya kahawa.

Kanuni ya tatu si ya macho tu, bali ni ya uhai wa vyombo. Chuma na shaba vikigusana penye unyevu, chuma huliwa na kutu upesi zaidi kuliko kikiwa peke yake. Kwa hiyo msumari wa chuma haufai kushikilia pambo la shaba mahali panapolowa. Baina ya madini mbili na iwepo mbao, kitambaa au ukindu. Mama huyo alitandika mkeka mdogo chini ya dele, na jembe akalipigilia juu ya kipande cha ubao.

Usafishaji nao hutofautiana. Shaba husuguliwa kwa ndimu na chumvi, kisha huoshwa na kukaushwa mara moja. Lakini kwanza ijaribiwe kwa sumaku: ikivutwa, ni chuma kilichovishwa shaba, na msuguo mkali utaivua vazi lake. Alumini isiguswe na magadi, maana huifanya iwe nyeusi. Dele linalotumika kwa kahawa sharti kalai yake ya ndani iwe nzima. Ikibanduka, lipelekwe kwa fundi, au libaki kuwa pambo. Chuma kuukuu huondolewa kutu inayopukutika kwa brashi, kisha hupakwa mafuta kidogo au nta ya nyuki.

Siku ya posa wazee walikunywa kahawa. Mmoja wao, mwenye mvi, alilitazama jembe kwa muda mrefu, kisha akauliza lilikuwa la nani. Bibi akalitaja jina la wifi yake, kwa sauti, mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Mzee akavua kofia. Baadaye ndipo maneno ya mahari yalipoanza.

Wageni walipoondoka, mama alilikausha dele na kulirudisha juu ya mkeka wake. Bibi alikuwa amekwisha kuchovya kitambaa katika mafuta, analifuta jembe taratibu, kutoka ukingoni hadi kwenye ncha. Kopo la rangi ya dhahabu lilirudishwa kwa jirani likiwa limejaa.