Sekondari ya serikali au ya kulipia? (Sehemu ya 6)

Wamama, leo tuache kidogo mambo ya uji na chanjo. Kwenye foleni ya kupima watoto wiki hii ubishi ulikuwa mmoja tu: hizi sekondari za serikali hapa mjini. Mama mwenye duka la vitenge Kariakoo anasema yeye hata bure hapeleki mtoto, darasa limejaa kama daladala ya Mbagala. Jirani yake kwenye benchi akamjibu, "Shoga, wangu yupo huko huko, na hesabu anamfundisha huyo wako wa inglishi midiamu."

Wote nawaelewa. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, watoto wakamiminika. Halafu mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anakutana na baiolojia ya Kiingereza. Wengi wanaonekana wazito, kumbe ni lugha tu.

Ila mimi nesi, swali langu ni choo. Ukienda kuangalia shule, ya bure au ya mamilioni, omba uonyeshwe choo cha wasichana. Kina maji? Mlango unafungwa kwa ndani? Pa kutupia pedi papo? Binti akikosa hivyo hanywi maji kutwa, anabana mkojo, siku zake zikifika anabaki nyumbani. Nawapokea sana, mkojo unawachoma, mama anadhani malaria.

Yule wa vitenge akauliza, "Kwani huko kwa kulipia vyoo si vizuri?" Nikamwambia akaangalie. Kesho tunaendelea na UTI kwa watoto, leteni maswali.