Binti Watano wa Selofehadi

Tukiwataja wanawake wa Maandiko tuna desturi ya kumsifu Ruthu kwa uaminifu wake na Hana kwa sala zake, na ni vema. Lakini wako wengine ambao ni nadra kusikia wakihubiriwa, nao ni Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti za Selofehadi.

Habari zao zimo katika Hesabu, sura ya 27. Baba yao alikufa jangwani, wala hakuacha mwana wa kiume. Basi walikwenda wote watano mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Tazameni jinsi walivyonena. Hawakumtukana mtu, wala hawakunung'unika kisimani. Walisema palipo wazee, wakaeleza ya kuwa baba yao hakuwamo katika maasi ya Kora. Musa naye hakuwajibu kwa akili zake mwenyewe. Alilipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akawapa haki.

Sisi tumekaa katika matanga mengi. Tumeona, tanga halijaondolewa, ndugu za marehemu wakigawana migomba na mibuni, na binti zake wako jikoni wakiwapikia hao wagawanyao. Nao ni watu waliobatizwa! Wasema ni desturi. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania, huko Mwanza, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yakataa desturi imnyimayo mwanamke ardhi. Hata hivyo binti wengi hawathubutu kuuliza, wakiogopa kuitwa wakorofi.

Wala tusizidishe yaliyoandikwa: sheria ile iliwapa binti urithi pale tu pasipo mwana wa kiume, na katika sura ya 36 waliagizwa kuolewa katika kabila ya baba yao. Zaidi ya hayo, ahadi haikujitimiza yenyewe. Katika Yoshua 17, Musa amekwisha kufa na nchi yagawanywa, iliwapasa kwenda tena, mbele ya Eleazari na Yoshua, kuikumbusha. Ndipo wakapewa fungu lao.

Majina yao matano yameandikwa mara nne katika Maandiko. Walimu na wawape watoto kazi ya kuyatafuta.