Dereva Aje na Gari Lake

Nilizaliwa Sanga, eneo la Kamina, na kazi ya magari nilijifunzia Kamina mjini, enzi Kongo ilipokuwa bado inaitwa Zaire. Mzee aliyenifundisha alitokea karakana ya reli. Kamina ni mji wa reli: njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapo, moja inaelekea Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, nyingine inapita Kabongo na Kabalo hadi Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Mzee alikuwa amezoea kuwa mtambo haufunguliwi mpaka ugonjwa wake uwe umeandikwa, na mazoea hayo alikuja nayo chini ya mwembe alipofungua gereji yake. Ukimletea gari, kwanza alimkalisha dereva kwenye benchi. "Papa, lilianza lini? Asubuhi au jua likiwa kali? Ukiwa na mzigo au mtupu? Esanse ulinunua wapi?" Sisi vijana tulisimama pembeni na spana mkononi, tunatamani kufungua.

Nilielewa sababu yake nilipoanza kuagiza vipuri mwenyewe. Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi akibahatisha, hasara yake ni nusu siku. Anamtuma kijana dukani, kifaa kinabadilishwa, wanajaribu tena. Kwetu pampu ya mazutu (dizeli) ya lori inaagizwa Lubumbashi na kuja kwa treni, na ukiona imefika ujue mwenye lori amekwisha kukaa wiki kadhaa bila kazi. Mvua zikianza Oktoba, mambo huwa mazito zaidi. Ukikosea ugonjwa, mtu amelipia kifaa asichokihitaji, gari bado halitembei, na mahindi yake yanaharibika kijijini. Kwa hiyo ninaposema kazi kubwa ya fundi wa magari ya zamani ni kutafuta ugonjwa, kukaza na kulegeza nati kukifuata baadaye, nasema jambo la pesa za watu na chakula chao.

Mfano ninaoutumia kufundishia vijana ni pikapu moja ya Peugeot 504. Ufaransa waliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, lakini huku kwetu ziliendelea kubeba watu na mizigo miaka mingi baadaye. Hii ilikuwa ya mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Bukama. Ilikuwa inawaka vizuri, inatembea kama nusu saa, kisha nguvu zinapungua, inakohoa, inazimika. Wakipumzika kidogo, inawaka tena kama haijawahi kuugua. Gereji iliyotangulia ilikuwa imebadilisha platini za delko na kondensa, ikabadilisha pampu ya esanse (petroli), halafu ikafungua kabureta yote na kuiosha. Mwenye gari alikuwa amechoka na mfuko wake umechoka.

Nilimuuliza dereva hufanya nini gari likizimika. Akajibu, "Nashuka, nafungua tangi kuangalia kama esanse ingalipo, nafunga, nawasha, tunaenda."

Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya gari. Kifuniko chenyewe cha tangi kilikuwa kimepotea siku nyingi. Badala yake walikuwa wamefunga kipande cha chemba, yaani mpira wa ndani wa tairi, kimezungushiwa waya mara mbili tatu na kukazwa kwa koleo, hata unyasi usingepita. Tangi lazima lipumue: kila tone la esanse linalotoka linataka hewa iingie mahali pake. Likizibwa kabisa, pampu inavuta mpaka ndani ya tangi panabaki utupu, halafu haiwezi tena. Sikumwambia mtu neno. Nilipanda, tukatoka kwenye barabara ya Kaniama mpaka likazimika, nikashuka na kulegeza ule waya mbele ya tajiri na dereva wake. Wote wawili walisikia hewa ikivutwa ndani, fyuuu, muda mrefu. Nikatoboa chemba kwa ncha ya msumari, nikaifunika kitambaa kuzuia vumbi, na gari likawapeleka Bukama. Kifuniko chenye tundu lake walikipata baadaye kwenye 504 iliyokufa. Ile pampu ya zamani iliyong'olewa ilikuwa nzima, niliijaribu mwenyewe.

Ugonjwa unaoua injini nyingi zaidi kwetu ni joto. Kamina iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kina springi iliyowekwa ili kubana mvuke. Kikifanya kazi yake, maji ya ndani hupita nyuzi 110 bila kuchemka. Sasa dereva anapoteza kile kifuniko, anaziba kwa kijiti na tambara, halafu anashangaa kwa nini gari linachemka kwenye kila mlima. Na fundi anayemwona naye anafanya jambo baya zaidi: anang'oa themostati na kuitupa. Hili nimelipigia kelele maisha yangu yote. Injini isiyo na themostati hutembea baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai, mafuta yanaliwa zaidi, silinda zinalika, na ugonjwa wa kwanza haujaguswa. Kwanza angalia kifuniko, mkanda wa feni, vumbi na nyasi zilizojaa kwenye mapezi ya rejeta. Hivyo vyote haviagizwi Lubumbashi.

Ukishamaliza hayo ndipo uanze kushuku gasketi ya kichwa cha injini. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, jaza maji, washa. Mapovu yakiendelea kupanda bila kukatika, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na gari hilo lisiwashwe tena hata kwa kulisogeza.

Malori ya mazutu yana tabia zao. Mercedes 911, ile yenye pua, ina silinda sita, na ikianza kutembea kwa kuchechemea huna haja ya kufungua nozeli zote. Acha injini iungurume polepole, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza mpaka mazutu yavuje. Sauti ikibadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Utakapofika kwenye silinda ambayo ukilegeza sauti haibadiliki, umempata mgonjwa. Moshi nao unasema: mweusi, mazutu mengi au chujio la hewa limejaa vumbi, na vumbi letu la kiangazi mnalijua; wa buluu, oili inaungua; mweupe usiokoma, maji, au mazutu yasiyowaka. Kwenye injini za esanse nasoma bujii, yaani plagi. Ya kahawia iko salama. Nyeusi kavu inalalamikia kabureta, na iliyolowa oili inataka uangalie ringi.

Esanse yenyewe ni mgonjwa pia. Ile ya chupa kando ya njia, kwa wauzaji tunaowaita Kadhafi, mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa, na injini inaanza kugonga ikipanda mlima. Dondosha tone kwenye karatasi safi. Esanse safi hukauka upesi. Ikibaki doa la mafuta, usihangaike na delko.

Breki nazitaja kwa uchungu. Kuna madereva wanaoongeza oili ya injini kwenye kikopo cha breki kwa sababu dawa yake haipatikani. Oili hiyo inavimbisha mipira ya ndani. Siku mbili tatu breki zinashika vizuri kabisa, kisha magurudumu yanakataa kuachia, ngoma zinaungua, na siku moja pedali inakwenda chini bila kushika kitu, huku watu wamekaa juu ya magunia. Gari la namna hiyo nikilipokea sikubali kulitoa mpaka mipira yote imebadilishwa, hata kama mwenyewe ananiita mkaidi.

Vijana wangu sasa wanapokea Toyota zinazopitia Zambia, zenye kompyuta ndani, na wanataka kile chombo cha kusoma kodi za hitilafu. Nakubali wawe nacho. Lakini chombo kitakuonyesha kwamba mchanganyiko wa hewa na esanse si sawa. Hakitakuambia kwamba mpira wa hewa ulipasuka jana kwenye shimo la barabara na dereva akaufunga kwa mfuko wa plastiki. Hilo analijua dereva peke yake.

Ndiyo sababu nawaomba wenye magari, wa Kamina na wa popote mnaposoma haya: gari likiugua, msilisukume gerejini na kumwachia mlinzi ufunguo. Lileteni na dereva wake, akae kwenye benchi, aulizwe. Na ninyi vijana wa gereji, msimkatize anapoeleza.