Kura ya Nyangumi

Mwaka 2017 palikuwa na intaneti kafe Kirumba, Mwanza, upande wa kuteremkia Mwaloni, na ndani yake harufu ya dagaa ilikuwa haitoki asubuhi wala jioni. Kompyuta zilikuwa sita, mojawapo kitufe chake cha N kimeng'oka. Saa moja shilingi elfu. Mwenyewe tulimwita Mangi, kama Mchagga, ingawa alikuwa Mkerewe. Aliyeanza kumwita hivyo sijui nani, na yeye hakujali alimradi ulipe kabla ya kukaa.

Hapo ndipo mwanafunzi mwenzangu aliponionyesha Steemit. Unaandika, watu wanakupigia kura, unalipwa. Nikamwuliza anayelipa ni nani. Akafikiri kidogo, akasema, "Mashine."

Hakukosea sana. Mtandao ule, ulioanzishwa mwaka 2016 na Wamarekani wawili, Ned Scott na Dan Larimer, ulizalisha sarafu mpya za kidijitali kila siku na kuziweka katika fungu moja, kisha fungu likagawanywa kwa kura. Ila kura hazikulingana. Uzito wa kura yako ulitokana na wingi wa sarafu ulizofungia ndani. Yangu haikufika hata senti moja. Ya mkubwa iliweza kuliongezea andiko makumi ya dola kwa kubonyeza mara moja. Wakubwa hao waliitwa nyangumi. Sisi wa chini tuliitwa kwa jina la visamaki fulani vya mito ya ughaibuni, na pale Kirumba, kwa harufu ile, tafsiri haikutusumbua.

Andiko langu la kwanza kupata kura ya nyangumi lilimhusu mama yangu anavyoanika dagaa Igombe: anavyotazama wingu upande wa ziwani kabla ya kuwamwaga, kwa sababu mvua ikiwakuta mchangani wanakuwa wa kuku, na bei inakwenda na maji. Nilipofungua kesho yake nikakuta dola 31. Nilipiga hesabu ya shilingi mara tatu, mara ya tatu nikitumia kikokotoo cha Mangi maana changu nilikuwa sikiamini tena. Malipo yalisubiri siku saba. Nikawa napita kafe kila siku kutazama tu ile namba, na shilingi elfu zangu zikaishia hapo.

Kumbe aliyenipigia kura alikuwa vitani. Nyangumi mwenzake alimtuhumu kwamba analimaliza fungu kwa kujipigia kura mwenyewe kupitia akaunti zake nyingine. Silaha ya mtuhumu ilikuwa bendera, yaani kura ya kuondoa, inayopunguza malipo kwa uzito uleule ambao kura ya kawaida huyaongeza. Alichokiondoa hakikuingia mfukoni mwake. Kilirudi funguni kigawiwe wengine. Mpaka leo nikiipima hoja yake sioni pa kuipinga. Kura pale ilikuwa fedha, na fedha za wote mtu akizichota peke yake lazima atokee wa kumzuia. Tatizo lilikuwa shabaha. Alipandisha bendera juu ya kila andiko lililoguswa na hasimu wake, awe amelitungia njama au ameliokota njiani.

Siku ya sita nikafungua: 0.00. Alama ya sifa, ambayo kila mtu alianza nayo 25, ilikuwa imeshuka chini ya sifuri, na andiko limefichwa. Kulipiza sikuweza. Kanuni ilikuwa kwamba bendera ya mwenye sifa ndogo haimshushi sifa mwenye kubwa.

Mangi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mdogo wangu, huyu mtu ulimkosea nini?"

"Sijawahi hata kumsalimia, kaka."

"Basi mwombe radhi."

"Kwa kosa gani?"

"Hilo atakuambia mwenyewe."

Nikamwomba radhi. Nilimwandikia kwamba sitapokea tena kura ya yule hasimu wake, ahadi isiyo na kichwa wala miguu, maana hapakuwa na namna ya kuikataa kura ya mtu. Hakujibu. Wiki mbili baadaye nikafanya jambo ambalo sikumwambia hata Mangi: nikaandika makala ya kumsifu huyo aliyenifuta, kwamba ndiye mlinzi wa fungu letu, na yule aliyewahi kunipigia kura nikamwita mnyonyaji. Akaja, akanipigia kura. Ilikuwa Desemba, na sarafu ya mtandao ule iliyokusudiwa iwe na thamani ya dola moja ilikuwa imepita dola 10, kwa hiyo vile vijisenti vya sifa zangu viligeuka fedha ya maana. Nikamnunulia mama turubai la kufunikia dagaa.

"Umepata wapi?"

"Nimeandika, mama."

"Umeandika nini?"

Nikamwambia: habari zako za kuanika dagaa.

Februari 2020, wakati huo nimeshaacha, Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa sarafu wa Tron, aliinunua kampuni ya Steemit. Waendesha mtandao, ambao nao walichaguliwa kwa kura zenye uzito wa sarafu, wakazizuia sarafu zilizokuja na kampuni hiyo. Machi 2 masoko makubwa ya sarafu, Binance likiwamo, yakapiga kura kwa sarafu walizoweka wateja, na waendesha mtandao wale wakang'olewa. Machi 20 waliomkataa Sun wakahamia mtandao wao mpya, Hive. Kwa siku kadhaa nyangumi waliandika kwa uchungu kwamba aliyewazidi nguvu amewaonea. Niliwasoma kwenye simu, wote, bila haraka.

Kafe ya Mangi sasa inauza mkaa na vocha. Turubai lilichanika mwaka juzi, mama akalikata vipande vya kufunikia ndoo. Andiko lake halijafutika, kwa kuwa blokcheni, daftari la mtandao ule, haifuti kitu. Limefichwa tu, na chini yake pameandikwa $0.00.