Mkanda Usiopiga Kelele



Katika matumizi ya nyumba, fedha iliyo nzito kuitoa ni ile ya kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Paa likivuja, hakuna anayeuliza kwa nini bati lanunuliwa. Mtoto akishikwa na homa, mkoba hufunguka wenyewe. Lakini mwenye nyumba akisema ataka shilingi elfu kadhaa kwa ajili ya kitu kizima, kilichofichwa ndani ya injini ya gari, hapo ni haki aulizwe, na anayeuliza si mkaidi. Kitu tunachotaka kukizungumza leo ni cha namna hiyo, nacho ni mkanda wa taimingi.

Wengi wetu twaijua feni belti, ule mkanda wa nje ambao ukilegea hulia asubuhi gari linapowashwa, hata jirani akasikia. Mkanda wa taimingi ni mwengine. Ni wa mpira, una meno upande wa ndani na nyuzi imara katikati yake ili usirefuke, nao hukaa mbele ya injini, nyuma ya kifuniko. Kazi yake ni kuunganisha krankishafti iliyo chini, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti iliyo juu, inayofungua na kufunga vali. Krankishafti ikizunguka mara 2, kamshafti yapasa izunguke mara 1, si zaidi wala si pungufu. Injini ikienda kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 25 katika sekunde moja. Pistoni inapopanda, vali iwe imekwisha kujitoa njiani. Mfano wake ni akina mama wawili watwangao katika kinu kimoja kwa michi miwili: huyu ashusha, yule ainua, na maadamu mwendo wao ni mmoja michi haigongani.

Mkanda ukikatika, au ukiruka meno, mwendo huo huvurugika. Katika baadhi ya injini pistoni haiwezi kuifikia vali, na gari huzimika tu. Hutiwa mkanda mpya likaondoka. Lakini katika injini nyingine, na za dizeli kwa kawaida ni katika hizo, pistoni huigonga vali iliyo wazi ikaipinda. Hapo kichwa cha injini hakina budi kufunguliwa, na gharama huwa mara kadhaa ya ile ya mkanda. Tena gari likizimika katika mwendo, usukani huwa mzito na breki huwa ngumu, na dereva asiyelitambua hilo hupata fadhaa. Haya yote hutokea kwa kufumba na kufumbua, aghalabu bila ya mlio wala harufu ya kuonya.

Gari letu ni Toyota Hiace ya dizeli, iliyotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, kama yalivyo magari mengi ya hapa kwetu. Ni gari la nyumba na la ukoo: hupeleka wagonjwa hospitali usiku, huenda mazikoni, hubeba watoto wa madrasa. Ndani ya boneti lina kibandiko kilichowekwa na mafundi wa huko. Maandishi yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani: zaeleza mkanda ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 98,000. Kitabu cha gari hilo chataka mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000. Mita ilipofika 193,000, tukaona wakati umewadia.

Wakati huo ulikutana na arusi ya binti yetu. Fedha iliyokuwapo ilikuwa imetengwa kwa kupaka rangi nyumba nzima, maana wageni ni wageni, na nyumba ya bibi arusi hutazamwa. Baada ya arusi, Hiace hiyo ilikuwa iwachukue nyanya yake, mashangazi na watoto kwenda Lamu kumfikisha kwa wakwe zake. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300, kupita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na aijuaye njia hiyo ajua kwamba baada ya Garsen kuna vipande virefu visivyo na makao, ambapo hakuna apendaye kusimama na wanawake na watoto. Fundi alitaka shilingi 18,000.

Mama wa watoto wetu, ambaye ndiye mwenye kuweka hesabu ya nyumba, alituuliza, "Kwani umekatika?"

"Haujakatika."

"Walia?"

"Haulii."

"Sasa twatengeneza nini?"

Swali hilo halikuwa la kupuuzwa. Tuliketi naye barazani tukamweleza habari za vali na pistoni kwa mfano ule wa kinu na michi. Alisikiliza, kisha akauliza swali la pili, lililokuwa zito kuliko la kwanza: "Na ukikatika Garsen, nani atakayekuwa na mama?" Mama aliyemkusudia ni nyanya ya bibi arusi, mwenye umri mkubwa na ugonjwa wa sukari. Hakungoja jibu. Alichukua daftari lake akakata hesabu upya: ukumbi na baraza vipakwe rangi, vyumba vya ndani vingoje. Alishika sharti moja tu, kwamba mkanda wa zamani aletewe nyumbani auone kwa macho yake.

Fundi alibadilisha mkanda, magurudumu yanayoukaza, na sili za oili zilizo karibu nao. Alitwambia, "Maalim, kazi kubwa si mkanda, ni kuufikia." Kwa sababu hiyo si busara kuacha gurudumu la zamani ndani, kisha likachoka baada ya miezi sita na kuulipia ujira ule ule mara ya pili. Katika magari mengi ya petroli, zikiwamo Subaru nyingi za zamani, mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, na pampu nayo hubadilishwa pamoja.

Mkanda ulipoletwa nyumbani, sote tulitaraji kuuona umechanika. Haukuwa umechanika. Ulikuwa mweusi, mzima, na meno yake yote. Fundi aliupinda kinyume, ndipo tukaona mipasuko myembamba kama unywele baina ya meno. Gurudumu alilizungusha kwa kidole karibu na sikio, likatoa mkwaruzo mdogo. Je, ungedumu mwezi mmoja zaidi, au miaka miwili? Hakuna awezaye kuapa. Anayetaka kungoja hadi awe na yakini, yakini hiyo ataipata siku gari limesimama njiani.

Safari ilikwenda na ikarudi salama, alhamdulillahi. Hakuna lililotokea. Vyumba vya ndani hadi leo rangi yake imechujuka, nasi twaiona kila siku. Ajali ambayo haikutokea haionekani. Ndiyo maana matumizi ya namna hii hupungukiwa na watetezi nyumbani, na ndiyo maana twaona haifai yawe siri ya mume na fundi. Mwenye daftari la nyumba akielezwa vizuri, huwa mtetezi wake wa kwanza. Akiambiwa "toa fedha" bila ya maelezo, ana haki ya kushuku.

Kwa hiyo twawausia wenye magari, na hasa kina mama, mambo haya. Ulizeni kwanza kama injini yenu ina mkanda au cheni. Probox na Vitz nyingi tunazoziona barabarani zina cheni, ambayo haina muda maalumu wa kubadilishwa kama mkanda, lakini yahitaji oili ibadilishwe kwa wakati wake. Ikiwa ni mkanda, tazameni kitabu cha gari hilo hasa. Magari mengi ya Kijapani hutaja kilomita 100,000, na mengine hutaja pungufu. Hesabuni na miaka, kwani mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama, na oili ikiuvujia huuharibu mapema.

Mkinunua gari lililotumika na hakuna maandishi yoyote juu ya mkanda, uhesabuni kuwa haujabadilishwa, maana mita huweza kurudishwa nyuma. Baadhi ya Toyota za dizeli zina taa iliyoandikwa T-BELT, huwaka muda ukifika. Lakini taa hiyo huifuata mita, na mita ikidanganya nayo hudanganya. Na ikiwa gari limezimika ghafla njiani, kisha mkijaribu kuliwasha starta yazunguka nyepesi na kwa kasi kuliko kawaida, msiendelee kulilazimisha. Livuteni hadi kwa fundi, maana kila jaribio laweza kuongeza madhara.

La mwisho ni kuandika. Kumbukumbu ya mtu hupotea, na gari hupita katika mikono mingi. Katika daftari la nyumba yetu, chini ya orodha ya ada za shule, mama wa watoto ameandika kwa mkono wake: mkanda wa gari, kilomita 193,000, wa pili, 293,000. Na pembeni ameongeza: fedha ianze kuwekwa kuanzia 280,000.

Wabillahi tawfiiq.