Mashine ya mjomba ilipoishiwa nguvu

Najua nimepotea, mnisamehe. Kwanza ilikuwa TP, halafu nikaenda nyumbani Mafia, halafu mambo ya usajili, ndiyo leo nimepata saa moja ya kukaa chini hapa Mlimani. Bumu halijaingia, kwa hiyo hata kutoka siwezi, teh teh. Basi nina kisa, na chenyewe kinaniaibisha kidogo.

Mjomba wangu ana boti ya kuvulia yenye mashine ya kupachika nyuma, nguvu za farasi 15, silinda mbili, zile za zamani za kuchanganya petroli na oili. Mashine hiyo ndiyo iliyonilipia ada sekondari, sina utani nayo. Mwezi wa tano akanipigia simu: mashine imekuwa mvivu. Inawaka vizuri, ikiwa polepole haina neno, lakini ukiifungulia yote, baada ya dakika tano hivi sauti inashuka na boti inajilalia tu majini. Ukipunguza moto inapata nafuu. Ukiongeza inalegea tena.

Fundi wa pale akasema plagi. Nikachomoa elfu hamsini kwenye bumu nikatuma. Plagi zikabadilishwa zote mbili. Wapi! Akasema kabureta ni chafu, ikasafishwa. Wapi! Mwisho akasema mashine imezeeka, mjomba atafute nyingine. Mjomba akaanza mazungumzo na tajiri mmoja anayenunua samaki, amkopeshe. Mikopo ile mnaijua: unalipa kwa samaki, na bei anapanga yeye.

Septemba nikafika. Sasa mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hesabu, na nilikuwa nimetoka kufundisha presha. Kichwa kimejaa. Nikamwambia mjomba kwa sauti ya darasani: tatizo ni tundu la hewa kwenye mfuniko wa tenki. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Tundu likifungwa, presha ndani ya tenki inashuka na mafuta yanagoma kutoka. Na kweli, hilo husumbua boti nyingi. Tukalilegeza. Mjomba akasema, "Haya mwalimu, tutaona."

Kesho yake mchana tukatoka Utende, mjomba, mimi na binamu yangu wa miaka 14, kwenda kuvua mshipi upande wa mlango wa Kinasi. Kwa asiyeijua Mafia: maji ya ghuba ya Chole yanatokea pale Kinasi kwenda bahari kuu, na yakikupwa yanakwenda kwa kasi kweli. Siku ile ilikuwa bamvua.

Wakati wa kwenda mashine ikalegea mara mbili. Bwana mdogo alikuwa amekaa karibu na tenki. Akasema, "Kaka, nikikibinya hiki kipira inaamka." Ni kile kipira kwenye mpira wa mafuta, unachokibinya kabla ya kuwasha. Nikamjibu, "Subiri kwanza, tunaangalia tundu." Akarudia. Mjomba akamwambia, "We angalia mafuta yasimwagike." Mimi nikacheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka.

Saa kumi na moja na nusu jioni tukageuza kurudi, maji yameshaanza kukupwa. Dakika chache tu, mashine ikalegea. Upepo wa kusi unaingia ndani, maji yanatoka nje, vinakutana, mawimbi yanasimama. Mjomba anaongeza moto, mashine inazidi kukohoa, na nikitazama mti mmoja wa ufukweni naona tunarudi nyuma. Tukatupa nanga, ikaburura. Jua linazama. Jamani, sijawahi kuogopa vile.

Bwana mdogo hakumwuliza mtu. Akashika kile kipira akakibinya. Mashine ikanguruma. Akaacha, ikashuka. Akabinya, ikapanda. Mjomba akanitazama, mimi nikatazama chini. Tukapandisha nanga, mjomba akapunguza moto mpaka nusu, dogo akawa anabinya, mkono ukichoka anabadilisha. Baadaye nikampokea, na nawaambia baada ya dakika kumi kiganja kinawaka. Tulifika Utende usiku.

Asubuhi tukaifungua, na nikaelewa. Pampu ya mafuta ya mashine hizi haina mota yake. Ndani kuna diaframu, yaani kiwambo chembamba cha mpira. Pistoni zikipanda na kushuka, hewa ya ndani ya mashine inakisukuma na kukivuta kiwambo, nacho ndicho kinavuta petroli. Chetu kilikuwa kimekakamaa, na tulipokiinua juani tukaona kitundu kama cha sindano. Ikiwa polepole, mafuta machache yanayovutwa yanatosha. Ukiifungulia yote, mashine inataka mengi, pampu haiwezi. Na kibaya zaidi, oili inapita humo humo kwenye petroli. Mafuta yakipungua, na oili inapungua, pistoni zinaweza kukwama moja kwa moja. Kila mjomba alipolazimisha moto, alikuwa anaiua.

Nimeandika kwenye daftari utaratibu ambao tungeufuata tangu mwezi wa tano. Kwanza sikiliza: mashine ikipiga kelele sana lakini boti haiendi, angalia pangaboi, mpira wake wa ndani huenda unateleza. Sauti ikishuka, tatizo liko kwenye mashine au mafuta. Binya kipira pale inapolegea. Ikiamka, ni mafuta. Ukikikuta kipira kimenywea bapa, kizuizi kiko upande wa tenki: tundu, mpira wa mafuta, kichujio cha huko. Kama hakijanywea lakini kukibinya kunasaidia, shuku pampu, au hewa inayoingia kwenye maungio. Isipoamka, ndipo uhamie kwenye plagi na koili. Hakuna hatua hapo inayohitaji hata shilingi. Sisi tulianza na shilingi.

Diaframu ilikuja kutoka Dar kupitia Nyamisati, kwa bei ndogo kuliko zile plagi. Mazungumzo na tajiri yakafa yenyewe.

Lakini kinachonikosesha usingizi si mashine. Kwenye TP kulikuwa na mtoto mmoja wa nyuma aliyenyoosha mkono akasema jambo ambalo halikuwemo kwenye andalio langu la somo. Nikamwambia "tutafika huko," na hatukufika. Mkaguzi alikuwa amekaa pale, nilitaka somo liende. Sijui mtoto yule alikuwa ameona nini. Bwana mdogo wangu angalau alikuwa na kipira mkononi.

Siku ya kuondoka nilimwomba radhi. Akaona haya, akaniuliza, "Kaka, sasa mbona ikiwa polepole haikukata?" Nikakaa chini nikamweleza yote, mpaka boti ikaniita.

Haya wadau, nakimbia kipindi. Tuonane wiki ijayo.